Assassin's Creed: Uanzie Wapi Ukiwa na Pesa ya Diski Moja

Mpwa wangu yuko mwaka wa pili chuoni. Mwezi wa Aprili alinunua PlayStation 4 iliyokwishatumika, akabakiwa na pesa ya diski moja tu. Alinipigia simu akiwa amesimama mbele ya kabati la vioo katika duka moja la Luthuli Avenue, Nairobi. "Shikamoo mjomba," alisema, "hapa kuna Assassin's Creed saba na muuzaji anasema zote ni nzuri. Nichukue ipi?" Nilimwomba asinunue kitu siku ile, apande matatu arudi nyumbani, nami ningemwandikia usiku. Niliyomwandikia ndiyo haya, ila nimeyapanua kwa ajili ya wengine waliosimama mbele ya kabati kama lile.

Mfululizo huu hutengenezwa na kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa, na mchezo wa kwanza ulitoka mwaka wa 2007. Humo mchezaji alimwongoza Altaïr, muuaji wa siri wa mwaka wa 1191 aliyetumwa katika miji ya Dameski, Akka na Yerusalemu. Tangu hapo michezo mingi imehamia mji mwingine au karne nyingine, lakini kiini hakijabadilika: makundi mawili, Assassins na Templars, yamepigana vita vya chinichini kizazi baada ya kizazi, nawe unakwea kuta, unajichanganya na watu sokoni, unamkaribia adui na kummaliza kwa kisu kilichofichwa chini ya mkono. Kwa kuwa michezo mingi ina mhusika wake na kisa chake chenye mwanzo na mwisho, hakuna ulazima wa kuanzia ule wa kwanza. Kwa hakika simshauri mtu aanze nao, kwa sababu kazi zake hujirudia mji baada ya mji: sikiliza mazungumzo, mwibie mtu barua, mpige mwingine hadi aseme, kisha anza upya.

Watu wengi huchagua kwa kutazama mwaka ulioandikwa nyuma ya jalada, wakiamini kwamba ulio mpya ndio bora, na wengine huchagua kwa ukubwa wa ramani. Kipimo changu ni tofauti. Mimi hujiuliza kama baada ya wiki mbili nitaweza kutembea katika mji ule bila kutazama ramani, kama ninavyoweza kutoka Koja hadi Kariokor nikiwa nimefunga macho. Mfululizo huu ulijengwa juu ya mapaa na vichochoro, na utamu wake wa kweli huanza siku ile unapofukuzwa na askari wanne ukajua, bila kutazama alama yoyote kwenye runinga, kwamba ukikunja kushoto kuna ngazi, juu ya ngazi kuna ubao, na chini ya ubao kuna mkokoteni wa majani makavu wa kujirushia. Mji usioingia kichwani haukupi siku hiyo, hata uwe mkubwa na mzuri namna gani.

Kipimo hicho ndicho kinachonifanya niwaondoe mapema wawili wanaopendwa sana, Odyssey wa 2018 na Valhalla wa 2020. Sisemi kwamba ni mibaya. Odyssey unakupeleka Ugiriki mwaka wa 431 KK, vita vya Athens na Sparta vikianza, na unachagua kuwa Kassandra au Alexios na kujibu watu upendavyo katika mazungumzo. Valhalla unakufanya Eivor, Mnorwe aliyehamia Uingereza mwaka wa 873 na kujenga kijiji chake kidogo kando ya mto. Mandhari yake yanaweza kumfanya mtu aweke padi chini atazame tu. Lakini kwa mwanafunzi anayepata runinga baada ya taarifa ya habari ya saa moja, wengine wakishalala, saa moja au mbili za usiku zinamezwa na safari ya farasi kutoka kambi hadi kambi. Mimi nilicheza Valhalla kwa zaidi ya miezi minne na sikumbuki barabara hata moja ya London yake. Aliye na likizo ndefu na asiyegombania runinga na mtu atafurahi humo. Kwa diski ya kwanza, hapana.

Mashindano halisi, kwa maoni yangu, yako kati ya Mirage, Origins na Black Flag, na nyuma yao kidogo mkusanyiko wa Ezio.

Mirage, uliotoka Oktoba 2023, ulianza kama nyongeza ya Valhalla kabla ya kuamuliwa ujitegemee, na asili hiyo imeusaidia: ni mfupi, na sehemu kubwa ya kisa chake iko ndani ya mji mmoja. Mji wenyewe ni Baghdad wa karne ya 9, enzi ya Makhalifa wa Bani Abbas, na katikati yake kuna ule Mji wa Duara ulioanzishwa na Khalifa al-Mansur mwaka wa 762. Kuta za Mji wa Duara hazionekani tena popote juu ya ardhi. Kwa hiyo kukwea lango lake na kuiona kuba ya kijani ya kasri ni jambo ambalo msafiri wa leo hawezi kulipata hata akipanda ndege kwenda Iraq. Basim, unayemwongoza, ni kijana mwizi aliyelelewa na barabara, anayechukuliwa na kundi la siri na kurudi mjini akiwa na kisu na kazi. Mtaa wa Karkh una masoko, Harbiyah una wafanyakazi na vurugu, Abbasiyah una wasomi na Nyumba ya Hekima. Niliumaliza kwa takriban saa 18, na kufikia saa ya kumi nilikuwa nimeacha kufungua ramani.

Kuna jambo moja katika Mirage ambalo mtu wa lugha yetu hulipata kuliko wachezaji wengine, nalo ndilo lililonifanya niupende kuliko nilivyotarajia. Katika mipangilio ya sauti unaweza kuchagua Kiarabu, kisha ukaacha maandishi ya Kiingereza chini. Fanya hivyo kabla ya kuanza. Nilikuwa nikimtembeza Basim sokoni Karkh nikiwa sitazami maandishi, na maneno yakawa yananifikia moja moja kutoka vinywani mwa wachuuzi: kitabu, dawa, wakati, safari. Sijasoma Kiarabu zaidi ya kile cha madrasa, lakini nilihisi kama mtu aliyekaa katika chumba cha pili akisikia ukoo wake ukizungumza. Ukifanya uhalifu mbele ya watu, picha yako hubandikwa ukutani na raia huanza kukuitia askari, na namna mojawapo ya kusafisha jina lako ni kumhonga mtu anayesimama njiani akitangaza habari. Mchezo unamwita munadi. Mswahili hahitaji kuelezwa kazi ya munadi.

Tena humo yumo Ali ibn Muhammad, mtu wa historia, aliyekuja kuongoza uasi wa Wazanji karibu na Basra kuanzia mwaka wa 869, uasi uliodumu hadi 883. Zanj ndilo jina ambalo Waarabu wa zamani walilitumia kwa watu wa pwani yetu, na watumwa walioasi katika mashamba yale ya chumvi na matope waliitwa kwa jina hilo. Mchezo haukai sana na habari zao, nami ningependa ungekaa. Hata hivyo nilisimamisha mchezo, nikatafuta habari za uasi huo kwenye simu, nikasoma hadi saa saba usiku.

Kasoro zake nizitaje. Mapigano ya ana kwa ana ni dhaifu, na Basim akizungukwa na watu watano mara nyingi ni afadhali akimbie. Wapo wanaoliona hilo kuwa kosa, lakini mimi naliona linafaa kwa mwizi aliyegeuka muuaji wa siri. Kosa ninalolihesabu ni mwisho wa kisa, ambao haueleweki vizuri kwa asiyecheza Valhalla, kwa kuwa Basim alionekana kwanza huko akiwa mtu mzima. Mpwa wangu atafika mwisho na atanipigia simu kuuliza, na nitalazimika kumsimulia.

Origins wa Oktoba 2017 ni mchezo mpana zaidi na wenye moyo mkubwa zaidi. Baada ya hitilafu za mchezo wa Unity mwaka wa 2014, Ubisoft waliupitisha mwaka wa 2016 bila kutoa mchezo mkuu, wakarudi na Misri ya mwaka wa 49 KK, wakati Kleopatra na ndugu yake Ptolemaio wanagombania kiti. Unakuwa Bayek wa Siwa, mlinzi wa watu wa kawaida, aliyempoteza mwanawe na anayewatafuta waliohusika. Kila anapofika penye mawe yaliyopangwa kwa duara hulala chali na kukumbuka jinsi alivyomfundisha mtoto huyo majina ya nyota, nawe unalinganisha umbo la kundi la nyota na anga lililo juu yako. Hakuna adui, hakuna zawadi kubwa, ni baba anayezungumza na mtoto asiyekuwapo. Mimi nina watoto wawili, na sehemu hizo nilizicheza polepole.

Sauti ya Bayek ni ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye aliteuliwa kuwania tuzo ya BAFTA kwa kazi hiyo. Salim huyohuyo ndiye aliyeanzisha studio ya Surgent na kutoa Tales of Kenzera: Zau mnamo Aprili 2024, mchezo uliotokana na msiba wa baba yake na ambao unaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Ukimsikia Bayek akicheka na watoto wa Siwa, au akimpigia kelele mtu aliyemdhulumu maskini, unasikia mtu anayeijua hasira ya heshima, na sijakutana na mhusika mwingine katika mfululizo mzima aliye na utu kama wake, hata Ezio.

Sasa niuweke kando ya Mirage kwa kipimo changu. Alexandria ya Origins inaingia kichwani haraka, kwa sababu barabara zake zimenyooka na mnara wa Pharos huonekana karibu kutoka kila upande. Memphis, yenye mifereji na harufu ya uvumba ambayo karibu uinuse, inaingia pia. Lakini kati ya miji hiyo kuna jangwa, na jangwa ni refu. Ukitembea humo muda mrefu, Bayek huanza kuona mazigazi na mambo yasiyokuwapo, jambo ambalo ni zuri sana mara ya kwanza na mara ya pili. Origins pia ulileta mambo ya ngazi, yaani viwango vya nguvu: adui aliyekuzidi ngazi nyingi hafi kwa pigo moja la kisu cha siri hata umvizie vizuri namna gani, kwa hiyo hulazimika kwenda kwanza kufanya kazi ndogondogo za vijijini ili upande. Katika Mirage, anayeviziwa vizuri huanguka. Kwangu mimi hilo ndilo linaloutenganisha mchezo wa muuaji wa siri na mchezo wa shujaa wa vita, na kila mtu aamue kama anataka kuwa nani.

Jambo linaloweza kuupa Origins ushindi kwa mwanafunzi ni ile ziara ya mafunzo iliyoongezwa Februari 2018 bila malipo kwa aliyenunua mchezo. Humo vita huondolewa kabisa, na unatembea katika ziara 75 zinazoeleza piramidi, ukaushaji wa maiti, utengenezaji wa bia na mkate, maktaba ya Alexandria. Utahitaji intaneti kuipakua, na bando la data si kitu cha kuchezea, kwa hiyo afadhali uifanye penye Wi-Fi ya mtu anayekupenda.

Black Flag wa 2013 ndio niliomwekea mpwa wangu alama ya nyota, kisha nikaifuta, kisha nikairudisha. Ukiupima kwa mji unashindwa: Havana ni mzuri lakini mdogo, Kingston umetawanyika, Nassau ni vibanda na mchanga. Mji wa Black Flag ni merikebu. Edward Kenway ni Mwelisi aliyeacha mke nyumbani na kwenda Karibi kutafuta utajiri, akaingia katika uharamia, na merikebu yake, Jackdaw, ndiyo unayoijua ubao kwa ubao. Unapotweka matanga yote, mabaharia huanza kuimba, na nyimbo huongezeka kadiri unavyozikimbilia karatasi zinazopeperuka juu ya mapaa ya bandari. Dhoruba ikianza, wimbi kubwa huinuka mbele yako jeusi. Ukiligeuzia omo, merikebu hulipanda na kushuka upande wa pili. Likikukuta ubavuni, linakuvunja na kuwatupa watu baharini. Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi Lamu na alitufundisha jambo hilohilo kwa kibuyu ndani ya beseni. Nilipoliona likifanya kazi kwenye runinga, niliacha kuhesabu mchezo huu kama upuuzi wa maharamia.

Udhaifu wake ni misheni za kumfuata mtu polepole ukisikiliza anachosema. Ni nyingi mno, na ukionekana unarudishwa nyuma. Vilevile anayepanda hadi makao ya kisasa ndani ya mchezo, yaani zile sehemu unazotembea katika ofisi za kampuni ya uongo, atachoka mapema. Lakini Black Flag una ndugu mdogo ambaye wengi wanampita bila kumwona: Freedom Cry, uliotoka kwanza kama nyongeza kisha ukauzwa peke yake Februari 2014. Humo Adéwalé, mtu aliyezaliwa utumwani Trinidad na aliyekuwa msaidizi wa Kenway, anatupwa na bahari katika koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, nchi ambayo leo ni Haiti, na kazi yake huko Port-au-Prince ni kuwafungulia watu minyororo mashambani na ndani ya meli. Ni mfupi, ni mzito, na mara mbili ilinibidi nizime kwa sababu nilikuwa nacheza mbele ya mwanangu mdogo. Ukiupata kwa bei ndogo, usiuache.

Kuhusu Ezio. Mkusanyiko uliotolewa kwa PlayStation 4 mwaka wa 2016 una michezo mitatu ndani ya diski moja: Assassin's Creed II wa 2009, Brotherhood wa 2010 na Revelations wa 2011. Unamfuata Ezio Auditore tangu utoto wake Florence, kupitia Venice na Roma, hadi akiwa mzee mwenye mvi Konstantinopoli. Kwa hesabu ya pesa, hakuna diski inayoshinda hiyo, na kwa kipimo cha mji, Venice ya mchezo wa pili bado ni darasa: mpaka leo ninaweza kukuonyesha njia ya mapaa kutoka Rialto hadi San Marco. Kinachonizuia kuuweka mbele ni mikono ya mgeni. Aliyezoea michezo ya siku hizi atapata kukwea kwake kuwa kwa taratibu, kamera itamgombeza kwenye kona, na mapigano yatamtaka asimame angojee apigwe ndipo ajibu. Tena huwezi kuhifadhi mwenyewe unapotaka. Stima ikipotea katikati ya misheni, unarudi pale mchezo ulipohifadhi mara ya mwisho. Origins na Mirage hukuruhusu kuhifadhi kwa mkono wako mradi hupo vitani, na kwa mtaa unaopotelewa na stima kila mvua inaponyesha, hilo si jambo dogo.

Iliyobaki niipitie upesi. Unity, wa Paris ya Mapinduzi, ulitoka Novemba 2014 ukiwa na hitilafu nyingi sana, lakini masahihisho yaliyofuata yameuweka sawa kiasi kikubwa, na hakuna mji wa mfululizo huu uliojengwa kwa ukamilifu kama ule. Kisa chake ndicho hakishiki. Syndicate wa 2015, London ya 1868, una pacha Jacob na Evie Frye, na Evie peke yake angetosha. Shadows, uliotoka tarehe 20 Machi 2025, uko Japani na una wahusika wawili, Naoe, na Yasuke, Mwafrika wa kweli wa historia aliyemtumikia Oda Nobunaga kuanzia 1581 na ambaye mara nyingi huhusishwa na Msumbiji. Ninautamani kwa ajili yake, lakini hauchezeki kwenye PlayStation 4 hata kidogo, na kwenye kompyuta unataka nafasi ya GB 115, mahali ambapo Mirage unatosheka na 40. Muuzaji akikuambia diski ya Shadows "itakubali" kwenye mashine yako, mshukuru uondoke.

Basi nilimwandikia mpwa wangu hivi. Kama una saa moja au mbili kwa usiku, na unataka kujifunza kuvizia, anza na Mirage, weka sauti za Kiarabu, na siku ya tatu usifungue ramani. Kama kinachokuvuta ni mtu na msiba wake, au somo lako la historia, anza na Origins na ukubali jangwa. Kama nyumbani kuna watu watakaokaa kitini wakikutazama, chukua Black Flag, kwa sababu ndio mchezo pekee kati ya hii ambao mama yako aliniambia nisizime. Na ukiwa na subira na pesa kidogo, mkusanyiko wa Ezio utakulisha miezi.

Alichukua Mirage. Wiki tatu baadaye alirudisha diski katika duka lilelile, akaongeza pesa kidogo kama inavyofanyika, akaondoka na Origins. Jana usiku alinitumia picha ya runinga yao: Bayek amelala chali kati ya mawe, nyota juu yake hazijapangwa bado, na chini ya picha ameandika, "Mjomba, hii siifanyi leo. Nitaifanya kesho nikiwa peke yangu."